Lis za Askofu na Paka wa Mukasine

“Mushike miguu yote ine, Mama! Mimi nilizoea ng’ombe, na ng’ombe haina makucha.”

Gustave, daktari wa mifugo pale Kalembe, alikuwa amepiga magoti jikoni kwa Mukasine, jasho linamtiririka kana kwamba anapigana na fahali. Mgonjwa mwenyewe alikuwa paka. Kaporali, mlinzi wa gunia la maharagi ya mbegu, alitapika tangu alfajiri, na sasa hakuwa na nguvu hata ya kumkwaruza mtu anayemchoma maji ya seramu chini ya ngozi.

“Ni dawa ya panya, ee?” aliuliza Mukasine, jicho tayari liko kwenye ua wa jirani yake Emérita. Paka wake wa kwanza alikufa hivihivi Pasaka iliyopita, na Mukasine alimtangaza Emérita kisimani mbele ya watu kwamba ndiye aliyetega sumu. Toka hapo hawakusalimiana. Hata kanisani, wakati wa kupeana amani, Mukasine aligeuka akaipa nguzo mkono.

Gustave alimfuta paka pua kwa kidole gumba. Kidole kilitoka na unga wa manjano.

“Na hii?”

Mukasine aligeukia kona. Ndani ya bidoni, dumu la plastiki lililokatwa shingo, maua meupe ya lis yalisimama kwa majivuno. Kwa miaka tisa aliyapanda kando ya nyumba, akayakata kila Ijumaa, akayalaza ndani yasinyauke, akapamba altare nayo Jumapili.

“Ni ya kanisa. Keshokutwa Askofu anakuja kutoa kipaimara.”

“Basi hiyo ya Askofu njo inauwa paka. Majani, unga, hata maji ya bidoni. Inaharibu figo.” Gustave alifunga mfuko wake. “Ikikojoa mbele ya kesho jioni, iko na bahati. Kama hapana, uchimbe shimo.”

Mukasine alichimba shimo siku ileile. Si la paka. Aling’oa lis zote, na mizizi yake ya duara kama vitunguu, akamwaga humo na maua ya bidoni, akafukia, akakanyaga kwa miguu miwili.

Jumamosi asubuhi alifika Papa Séraphin, mzee mkuu wa komite ya maua ya kanisa, amevaa koti kana kwamba Askofu yuko nyuma yake.

“Mama Mukasine, maua iko wapi?”

“Chini.”

“Chini ya nini?”

“Ya udongo, Papa. Nilizika.”

Séraphin alivua kofia kama aliyefika matangani. “Unamunyima Mungu maua juu ya paka?”

“Mungu haina panya kwake. Mimi niko nayo. Juma ijayo ninapanda. Panya ikimaliza mbegu, watoto wangu watakula lis?”

“Tutaweka mama mwingine kwa nafasi yako!”

“Muweke. Lakini mumuulize kwanza kama iko na paka.”

Séraphin aliondoka koti likipepea. Saa tisa mchana Kaporali aliinuka, akayumba kama mlevi wa pombe ya kasiksi hadi kwenye majivu, akachuchumaa. Mukasine alishika pumzi kama mzazi anayesubiri matokeo ya mtihani wa egzeta. Majivu yakalowa. Alipiga vigelegele peke yake, kuku wakatawanyika.

Kisha akaenda kwa Emérita, aliyekuwa akimenya mihogo, akabaki amesimama.

“Ile paka ya Pasaka, maua yangu njo iliiuwa. Nilikusingizia. Unisamehe, dada.”

Emérita hakuinua kichwa. “Utasema ivo kisimani?”

“Nitasema kisimani. Na niko nakuomba alizeti.”

“Alizeti ni ya mafuta.”

“Najua.”

Kisu kilimenya muhogo mwingine, mrefu, bila haraka. Halafu Emérita akanyanyuka nacho, akatangulia shambani.

Jumapili altare iliwaka njano. Vichwa vya alizeti, vikubwa kama sahani, vilimkodolea macho kila aliyeingia. Komite ilinong’ona. Mukasine alipita katikati, mgongo umenyooka, akaketi benchi ya mbele, ile ya komite, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee.

Askofu alipofungua kitabu, nyuki mmoja alitoka ndani ya ua la alizeti, akatua ukingoni mwa ukurasa. Askofu akakiinamisha kitabu kidogo, polepole, nyuki apate kupita.