Kibuyu cha Mama Mkwe

Daktari aliniambia vijidudu vya mwanangu Esta ni sugu. Jamani! Mimi sugu nilikuwa najua ni wezi wa ng'ombe, wale wanaofungwa wakitoka wanaiba tena. Kumbe hata tumboni mwa mtoto wa miaka minne wamo.

Tulikuwa tunakwenda hospitali mjini na kurudi kijijini kwetu Nyarero, mara dawa ya maji, mara vidonge. Anapata nafuu, anacheza, kisha anaanza tena kuharisha damu. Safari hii wakachukua choo chake wakakiotesha maabara, eti kama mbegu. Majibu yakaja: dawa zote alizokunywa hazifanyi kazi. Imebaki moja tu, ya sindano, na pale imeisha. Mume wangu Magige akapanda pikipiki kuifuata Musoma.

"Mtoto anakula nini?" daktari akauliza.

"Chakula chetu tu. Na maziwa mgando ya bibi yake."

"Yanachemshwa?"

Nani atamwambia mama mkwe achemshe maziwa yake? Nikatikisa kichwa.

"Na huyo ng'ombe anatibiwa?"

"Kiwele kinamsumbua. Mama anamchoma sindano mwenyewe, kila akiona kimevimba."

Daktari alishusha pumzi. Akasema huenda vijidudu viliizoea dawa huko huko kwa ng'ombe, vikaja na maziwa. Nisimpe tena hata tone.

Nilitoka nje nimembeba Esta. Na nani yuko kwenye benchi? Mama mkwe wangu, Robi, na kibuyu chake cha maziwa. Mjukuu akiugua, lazima aje nacho. Esta akakinyooshea mikono. Alikuwa analia bila machozi, midomo imekauka.

"Shikamoo, mama. Tafadhali usimpe."

"Una wazimu? Mtoto ana njaa!" Akakifungua.

Nikampokonya, nikamwaga. Maziwa! Mbele ya mama wa mume wangu! Benchi zima likaguna.

Nilimweleza yote ya daktari, nikingoja anilaani. Hakunilaani. Alikaa chini pale pale kwenye tope la maziwa.

"Lakini yule ng'ombe namchoma kwa ajili ya Esta," alisema. "Ili asikose maziwa."

Simu ikaita. Magige. Musoma hawana, ameambiwa labda Mwanza. Nikamwambia aende, haki ya Mungu aende tu, hata usiku umkute njiani.

Esta alikuwa anaangalia maziwa yanavyozama ardhini.

"Bibi," akasema, sauti imekwisha, "kesho utaleta mengine?"

Mimi nilimwangalia mama, mama akaniangalia mimi. Kisha akakiokota kibuyu kitupu, akakificha nyuma yake.