Mahali pa Halina

Kila Jumapili Darek alimletea mama yake hoja zilezile.

"Uza gari, mama. Treni ipo, basi lipo, teksi unaita kwa simu. Unang'ang'ania chuma kinacholala tu barabarani."

"Na wewe na kibaiskeli chako," Halina alimjibu. "Mtu mzima una upara, unakata Chicago nzima kwenye barafu. Baba yako akikuona atajificha."

Baba mtu, Zenon, alikuwa kwenye nyumba ya wazee upande wa pili wa jiji, mapafu yamechoka. Halina aliapa kwamba siku akimwita, atafika kwa gari kabla ya yeyote.

Theluji ikaanguka usiku kucha. Asubuhi Halina alilifukua gari kwa beleshi, mgongo ukimwaka, mpaka lami ikaonekana. Mtaani kwao aliyefukua mahali pa kuegesha, ni pake. Akitoka huacha kiti cha jikoni pale katikati kuwa alama, na mwenye adabu hakigusi. Lakini mwaka uliotangulia mtu asiye na haya alikitupa kiti chake kando, akaegesha. Uchungu ule Halina alikuwa nao bado.

Mchana muuguzi alipiga simu. Zenon anamwulizia, asikawie.

Alitoka na funguo na kiti. Gari likawaka mara moja. Mtaa mzima ulikuwa umefukiwa, na jirani yake Pruski alikuwa akizungukazunguka na gari akitafuta pa kuliweka. Akashusha kioo.

"Unatoka, Bi Halina?"

"Sitoki. Subiri kiangazi."

Akazima injini, akarudisha kiti ndani, akaenda kupanda treni. Treni ikakwama njiani, reli zimeganda. Alikaa humo akiwalaani wenye reli, wenye theluji na Pruski.

Alipofika, baiskeli ya Darek ilikuwa ukutani koridoni, ikichuruzika maji. Darek alikuwa ameushika mkono wa baba yake, nao ulikuwa umeshapoa.

"Amekuulizia mpaka mwisho," alisema. "Gari limegoma?"

"Limewaka vizuri."

"Sasa?"

Halina alitazama malengelenge viganjani mwake. "Pruski angepachukua mahali pangu."

Darek aliuachia mkono wa baba yake. Aligeukia dirisha, akalia peke yake.

Siku ya mazishi theluji ilikuwa imeyeyuka. Wafiwa waliegesha popote walipotaka, na gari la Halina lilikuwa bado palepale.