Kijani cha Trevor

Ijumaa ile, watu wakitoka msikitini, Cyrus aliingia kwetu kitengo cha dharura akimwongoza Dominiko kwa mkono kama bibi harusi. Wote wawili ni walinzi, Wakenya, wanaolala chumba kimoja kwenye makazi ya kampuni yao. Dominiko alikuwa akipapasa ukuta.

"Sista, naona nyeupe tu," aliniambia aliposikia Kiswahili changu. "Kila mahali ni nyeupe."

"Umekunywa nini?"

"Sijakunywa kitu. Ni shawarma ya jana."

Nimekuwa nesi miaka kumi na mmoja, minne kati yake hapa Doha, na sijawahi kuona shawarma inayopofusha mtu. Nilimwambia hivyo, na nikamkumbusha kwamba mficha uchi hazai. Akaishikilia shawarma yake. Alikuwa akiogopa polisi kuliko upofu.

Nikamvuta Cyrus pembeni. Huyo alisema yote mara moja. Walikuwa wamekunywa pombe Alhamisi jioni, Dominiko akanywa zaidi. Alfajiri kichwa kikamuuma, akatapika, macho yakaanza ukungu. Wenzake wakasema ni loki tu, uchovu wa pombe, wakamchemshia supu ya kichwa cha mbuzi, wakamnywesha bakuli mbili zenye pilipili, wakangoja. Waliingoja supu kwa saa saba. Nilitaka kumzaba Cyrus kofi, lakini ukweli ni kwamba hata mimi naiamini supu hiyo. Hakuna Mkenya asiyeiamini.

"Kinywaji kilikuwa cha nani?"

"Cha Trevor. Chupa ilikuwa na kijani."

Nilimweleza daktari alichokunywa Dominiko, bila kutaja mtu, naye akamwanzishia dawa na kuagiza mashine ya kusafisha damu. Cyrus naye akalazwa. Lakini neno kijani lilinikaa akilini.

Hapa pombe si ya kununua dukani kama soda, na kuipika nyumbani ni jela, kisha ndege ya kurudi kwenu. Ndiyo maana kuna watu kama Mwaura wa Al Mansoura na Trevor wa Abu Hamour. Zamani walipika sufuria moja. Walipokosana waligawana mji, kisha wakaanza kuibiana wateja, kutoboana matairi, kuchafuliana majina. Trevor, ambaye ni mpishi wa hoteli na mtu nadhifu, alianza kuzungushia selotepu ya kijani kwenye kila kifuniko ili watu wajue ni chake. Kila alichopika alikionja yeye kwanza. Na mdogo wangu Levis, mtoto wa mama yangu, alikuwa akimbebea Mwaura mizigo kwa gari. Nilikuwa nimemkemea mpaka nimechoka.

Ijumaa iliyotangulia, tukienda kanisani, maana hapa ibada huwa Ijumaa, niliona selotepu ya kijani kwenye gari lake. Aliniambia ni ya kufungia nyaya.

Zamu yangu iliisha saa tisa. Nilimwita Levis kwenye maegesho ya hospitali, nikaingia garini, nikafunga mlango.

"Kuna mtu huko ndani haoni," nikamwambia. "Ulitia nini kwenye zile chupa?"

Alianza kukana, kisha akanitazama usoni, akaacha. "Mwaura alisema itawaumiza vichwa tu, dada. Wamchukie Trevor, warudi kwetu. Alinipa zikiwa tayari, mimi nikafunga kijani tu na kuziacha milangoni mwao."

"Ngapi?"

"Nane."

Dominiko na Cyrus walikuwa wamefungua moja. Saba zilikuwa bado kwenye vyumba vya walinzi, na wengi wao walikuwa wakitoka kazini saa kumi na mbili. Ijumaa jioni. Hata mtoto angejua wangefanya nini wakifika.

Levis alijua vyumba vyote. Tukaanza kupiga simu. Wa kwanza alicheka. "Mwambie Mwaura atafute uongo mwingine, huo umechacha." Nikamnyang'anya Levis simu, nikasema mimi ni nesi, Nasimiyu, nimemwona Dominiko kwa macho yangu. "Eti hata manesi sasa wananunuliwa," akasema, akakata. Wa pili alitutukana. Wa tatu hakupokea. Tulikuwa na ukweli mtupu mkononi na hakuna aliyeutaka.

"Kuna mtu mmoja tu watakayemsikiliza," nikasema.

"Dada, huyo ataniua."

"Basi akuue. Washa gari."

Trevor tulimkuta Abu Hamour chumbani kwake, akipiga pasi koti jeupe la kazi. Alipomwona Levis aliiweka pasi chini polepole. Nilimwamuru mdogo wangu aseme mwenyewe, naye alisema, macho sakafuni, bila kuacha kitu. Nilingoja kofi. Lingekuwa la haki na nisingelizuia.

"Uliweka kijani changu?" Trevor aliuliza.

"Ndiyo, bro."

Trevor akaketi kitandani. Nikamhimiza: atume ujumbe kwenye kundi la wateja wake, awaambie kwamba Mwaura ametia sumu kwenye chupa na kuzifunga kijani.

"Mwezi mzima nimewaambia Mwaura anauza sumu," alisema. "Haikuwa kweli, sista. Nilikuwa natafuta wateja. Leo nikiimba wimbo uleule watacheka, halafu watafungua."

Saa ya simu yangu ilisoma kumi na moja kasorobo. Trevor alijifuta uso kwa kiganja, akachukua simu yake na kurekodi sauti. Nakumbuka kila neno.

"Wazee, ni Trevor. Zile chupa za jana, za kijani, msiguse. Ni mimi nimeharibu. Nimekosea mapishi, na mtu amepofuka. Mwageni zote. Kama umeonja hata kidogo, kimbia hospitali sasa hivi, usingoje supu. Mnisamehe. Sipiki tena."

Akatuma. Levis alianza kulia kwa sauti, mtu mzima wa miaka thelathini.

Majibu yalikuja kama mvua. Matusi, laana kwa mama yake, na katikati ya matusi picha za chupa zikimwagwa kwenye masinki. Tulizihesabu: moja, nne, sita. Ya saba waliileta hospitali wanaume wawili walioionja mchana, na kwa kuwa waliwahi, wote wawili wanaona.

Sauti ile ilizunguka Doha nzima. Jumapili Trevor alikamatwa hotelini akiwa amevaa lile koti jeupe. Hakumtaja mtu.

Levis alitaka kwenda kusema ukweli. Lazima niliandike hili, kwa sababu watu wanaojua nusu ya habari hudhani ni yeye aliyekuwa mwoga. Alivaa shati safi, akanipigia niende naye. Nami nikamwambia akae. Nikamwambia Trevor ameshachagua, na kwamba mama hatastahimili. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, nikamwambia, nikaona nimesema la busara. Levis aliacha kazi ya Mwaura, anaendesha teksi, na hatuzungumzi sana. Mwaura ndiye anayeuza Abu Hamour sasa. Trevor alifungwa, kisha akarudishwa Kitale. Nasikia kijijini wanamwita mwuaji wa macho.

Dominiko alibaki na uwezo wa kutofautisha mwanga na giza, basi. Siku aliyoruhusiwa kusafiri nyumbani nilimvalisha viatu mimi mwenyewe. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Sista Nasimiyu, wewe umenitendea mema," alisema. "Sali nami kidogo kabla sijaenda."

Tukainamisha vichwa. Akamshukuru Mungu kwa ajili ya madaktari, kwa ajili yangu, na kwa ajili ya ndugu zangu wote popote walipo. Kisha sauti yake ikabadilika, akamwomba Mungu amlaani Trevor, yeye na watoto wake, wasione nuru kama yeye asivyoiona. Akanisubiri, uso wake umenielekea.

Nikasema amina.