Mkate Uliolala

Fundi cherehani alirudi nyumbani baada ya kushona mapazia miaka tisa katika kiwanda cha nchi ya mbali. Wiki ya kwanza walimlisha mpaka akaomba poo. Wiki ya pili akaanza kuota mkate.

Si mkate hivi hivi. Ule mweusi wa kule, mzito, wenye ganda la kubishana na meno. Kaka yake ana tanuri lake na hapendi kushindwa, akaona kama amechokozwa. Akaoka wa kwanza. Fundi, dada mtu, akatafuna, akasema kwa huruma, "Unakaribia," na hakuna neno linalomuudhi mwokaji kama hilo. Akaoka wa pili, akaoka wa tatu. Wa nne aliuleta mwenyewe ungali wa moto, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

Fundi akameza. "Mtamu, kaka. Ila kwetu wanazidisha chumvi."

Mama yao alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Kwetu wapi?"

Neno lilikwisha kumtoka binti, na neno si pindo useme utalifumua. Tangu hapo mama hakuuliza kitu, lakini sanduku la safari likisogezwa tu uvunguni, yeye huyo anachungulia. Alikuwa amemngoja mtoto huyu miaka tisa, na mingine tisa hakuwa nayo.

Siku mbili baadaye, mchana, fundi alikuwa anapiga pasi gauni la mteja, njaa ikamuuma. Mkate wa nne ulikuwa bado mezani, mkavu. Akakata kipande, na mikono yake, bila kumwomba ruhusa, ikakifunga kwenye karatasi ya kukatia vitambaa na kukigandamiza kwa pasi.

Harufu ikapanda. Fundi akakaa chini.

Kumbe ndivyo walivyokuwa wakila kule kiwandani saa ya mapumziko, wanawake watatu wa meza moja ya pasi. Mkate ulikuwa wa jana siku zote, umelala. Katika miaka tisa hakuwahi kuula wa moto hata mara moja. Kaka wa watu ameteseka bure.

Mama akaja mbio. "Unaunguza nini?"

"Mkate, mama." Alikuwa analia, na kipande amekwisha kukigawa sehemu tatu.

Mama akachukua chake, akatafuna kwa shida, meno yenyewe ya kuhesabu. "Ndio huu?"

"Ndio huu."

"Na hicho cha tatu cha nani?"

"Tulikuwa watatu. Mimi, Kijiti, na Mama Vifungo."

Mama akameza, kisha akalitoa lile lililomkaba siku zote hizi. "Utarudi?"

"Kiwanda kilifungwa, mama. Kijiti alienda kwao, Mama Vifungo sijui yuko wapi. Hata nikirudi, sina wa kugawana naye."

Ndilo jibu ambalo mama alikuwa akiliombea. Lakini alimwona mwanawe ameshika kipande cha tatu, hajui akiweke wapi, na furaha ikagoma kuja. Akavuta kigoda, akakaa upande wa pili wa meza ya pasi.

"Na kule kwenu," akasema, "mlikuwa mnashushia na nini?"