Usingizi Chini ya Kioo cha Paa

Mpwa wangu wa miezi saba alikuwa halali mchana ila ndani ya gari linalotembea. Dada yangu ni muuguzi wa zamu ya usiku, kwa hiyo mchana ndio usiku wake. Mimi nimemaliza chuo na bado nasubiri kazi, basi nikajipa kazi hiyo: kumchukua mtoto na kuzunguka naye mitaani, nyumba ipoe, mama yake alale.

Mpango ulikwenda vizuri mpaka kioo cha paa kilipoanza kelele. Gari la shemeji ni kuukuu, lina dirisha dogo juu ya vichwa, na mtoto alipenda kutazama matawi na nyaya za umeme zikielea humo mpaka macho yalegee. Lakini sasa kila tulipovuka tuta kioo kililia nyii-kwa, nyii-kwa, naye anashtuka, anaangua kilio, namrudisha nyumbani. Dada anaishia kuambulia usingizi wa mang'amung'amu. Siku ya nne, akivua viatu mlangoni, aliniambia kwamba alfajiri ile nusura ampe mgonjwa dawa ya kitanda cha pili. Mwenzake ndiye aliyemshika mkono. Msimamizi wa wodi amemwambia ikitokea tena ataondolewa wodini, na jioni anarudi kazini. Hakulia. Alikaa akitazama viatu vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Nikatoka uani nimeamua: leo dada atalala.

Nilimweka mtoto kwenye mkeka kivulini, nikachukua chupa ya mafuta yake, nikaupaka mpira unaozunguka kile kioo. Nilipaka kwa kidole, taratibu, kama ninavyompaka mwenyewe akitoka kuoga. Kisha nikamfunga kwenye kiti chake, tukaenda. Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Nilikuwa nimeanza kujisifu moyoni. Lakini kufikia kona ya mtaa wa tatu vumbi lilikuwa limeshanata kwenye mafuta, na kelele ikarudi, safari hii na nduguye: nyii-kwa, krrr.

Nikarudi, nikampigia shemeji. Yeye hufunga madirisha ya alumini, na siku hiyo alikuwa kazini kwenye jengo jipya. Akauliza nimepaka nini. Nikamwambia.

“Shemeji,” akasema, “mtoto ana miezi saba. Gari lina miaka kumi na tisa. Hao hawatumii mafuta mamoja.”

Nikawasikia mafundi wenzake wakicheka. Kisha akanielekeza kwa upole, maana kwake dirisha ni dirisha, hata likikaa juu ya kichwa. Nifute mafuta yote kwa maji ya sabuni, nikaushe. Nichane karatasi vipande vyembamba, nibane kimoja kimoja kati ya kioo na mpira, nifunge, kisha nivute. Karatasi iking'ang'ania, hapo pazima. Ikitoka bila ubishi, hapo ndipo kioo kinapocheza.

Karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa nakala ya barua yangu ya kuomba kazi. Nikaichana. Nilisimama kwenye kigoda, paa likinipa joto kifuani, na mawingu yakipita ndani ya kioo kana kwamba yako chini yangu. Kona ya mbele ilishika “kwa bidii” ikakataa kuiachia. Ya pili ikashika “mwaminifu”. Kona ya nyuma kushoto ikaniachia jina langu lote, laini, kama unywele kwenye siagi. Chini yake nikakuta skrubu imelegea. Nikaikaza robo mzunguko, nikajaribu karatasi. Robo nyingine, karatasi ikashika.

Nikampigia tena kuuliza cha kupaka. Akasema poda, tena kavu. Nikauliza kwa woga kama ile ya mtoto inafaa.

“Hapo sasa umepatia.”

Nikaupaka mpira poda hiyo. Ikabaki kujaribu, na shemeji alikuwa ameniambia kwamba kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja aendeshe, mwingine aweke kiganja kwenye kioo, kwa kuwa mkono husikia kabla ya sikio. Dada alikuwa ameshatoka ndani, macho mekundu, amekata tamaa ya kitanda. Akaingia nyuma, akakaa kando ya mtoto, akainua mkono.

Nilivuka tuta la kwanza kama mtu aliyebeba mayai. La pili nikalivuka kwa mwendo wa kawaida. Hakuna kitu. Vivuli vya majani vilipita juu ya usukani, juu ya magoti yangu, gari zima likawa kama linapita chini ya maji. Nikamwuliza dada kama mkono wake unasikia chochote. Hakujibu.

Nikatazama kwenye kioo cha ndani. Mkono ulikuwa umeshuka, umelala wazi kifuani mwa mtoto, na wote wawili wamefunua midomo vilevile.

Sikusimama. Nilizunguka barabara pana zenye miti, nikapitwa na baiskeli, nikapigiwa honi, nikaomba radhi kwa mkono. Saa moja ikapita, ya pili ikaingia. Nilipunguza mwendo karibu na lango letu, nikidhani imetosha.

“Tumefika?” dada akauliza, macho yamefumbwa.

“Bado.”

“Basi zunguka tena, mdogo wangu.”

Nikakata kona.