Picha za Kisogo

Egidi alikuwa fundi hodari wa kamera na mvivu wa maneno. Alikuwa amefunga kamera kwenye nusu ya maduka ya mjini Tabora, na hakuna mteja aliyewahi kumsikia akieleza jambo mara mbili. Kwa hiyo Tobia alipompigia simu kutoka Dar es Salaam kwa mara ya tatu, kuhusu kamera ileile ya nyumbani kwa mama yake Ulyankulu, Egidi alikwisha kununa kabla hajapokea.

"Fundi, kaigeuze kamera yako. Siku kumi na tisa sasa! Kuku nawaona, mbuzi nawaona, mama yangu napata mgongo tu. Kila siku saa nne, mgongo."

"Kamera haichagui mgongo wala uso."

"Basi anayechagua ni mama." Sauti ya Tobia ikashuka. "Ananipa kisogo, fundi. Bado hajanisamehe."

Habari hiyo Egidi aliijua. Miaka miwili nyuma, walipomaliza kumzika baba, Tobia alitaka nyumba iuzwe na mama ahamie Dar. Mama akakataa katakata, maneno yakawa makali, na mtoto akaondoka alfajiri bila kuaga. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Kamera, eti, ilikuwa ya kulinda ghala la asali. Lakini mtu hanunui kamera ya bei ile kwa ajili ya ndoo tatu za asali, na Egidi hakuwa mjinga.

Kesho yake akapanda pikipiki yake, zaidi ya saa mbili za vumbi. Nyumba ya Mama Tobia imekaa peke yake mwisho wa mashamba, msitu ukianzia hapohapo. Mtandao haufiki ila juu ya kichuguu kilicho nyuma ya jiko, na jirani yeyote mwenye simu hupanda hapo. Ndiyo maana Egidi alisimika nguzo juu ya kichuguu, akafunga kamera yenye laini yake ya simu na sola yake, ikitazama uwanja na ghala. Bando lilikuwa dogo, hivyo akaipangia: kitu kikipita, ipige picha moja, iitume, kisha ilale nusu saa. Bila hivyo kuku wangemaliza bando kabla ya adhuhuri.

Alimkuta Mama Tobia jikoni, amevaa kitenge cha kanisani siku ya Jumatano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Ningoje kidogo, nina miadi."

Akachukua kigoda na rozari, akatoka jikoni akiiacha kamera nyuma yake, akakitua kigoda katikati ya uwanja. Kisha akageuka, akakaa, akaielekea nguzo kama mtu aliye mbele ya mpiga picha. Akasali rozari nzima. Egidi alitazama saa: dakika ishirini. Mama akainuka, akarudi jikoni na kigoda chake. Muda wote huo kamera ilikuwa imelala.

"Mama, pale ulikuwa unafanya nini?"

"Si wewe uliyesema Tobia atakuwa ananiona? Nakaa anione. Nakaa aniamkie. Siku kumi na tisa mtoto ananitazama usoni na shikamoo hatoi! Nimzae mimi, nimwamkie mimi?"

Egidi akakumbuka. Siku ya kuifunga kamera mvua ilikuwa inakuja, naye alitaka kuondoka, akasema la kusema tu: usijali mama, atakuwa anakuona. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Aliona aibu, na aibu hakuizoea.

"Kosa ni langu, mama. Hiki chombo hakina sauti. Kinafumbua jicho mara moja, kinalala nusu saa. Unapotoka jikoni kinaona mgongo wako, basi. Ukigeuka, kimeshalala. Tobia anadhani unampa kisogo."

Mama Tobia akakitazama kigoda mkononi mwake.

"Nitaipanga upya," Egidi akasema. "Au wewe uzungukie mlango wa mbele, ikuone uso."

"Sizunguki." Akakiweka kigoda chini. "Mwambie hivi. Mgongo huo anaouona ndio uliomtoa Burundi, ana miezi mitatu, mwaka wa sabini na mbili. Tulitembea usiku na mchana, na hakuuona uso wangu mpaka tumefika. Alilala vizuri tu."

Egidi akapanda kichuguu, akapiga simu, akakiri kosa lake, kisha akayasema maneno hayo kama alivyopewa.

"Hebu rudia, fundi," Tobia akasema.

Egidi akarudia, neno kwa neno.

"Mpe simu mama."

Mama Tobia alipanda kichuguu polepole, mkono mmoja kwenye nguzo. Egidi akamwekea simu sikioni, akashuka hatua mbili, lakini sauti ya Tobia ilimfikia. Mzee wa miaka hamsini na ushee, anatoa shikamoo mara tatu mfululizo kama mtoto wa shule.

"Marahaba," mama akasema. Akafuta macho kwa pindo la kitenge. "Marahaba, baba. Sasa nisikilize. Uliondoka hapa hukuaga. Njoo uage."