Una Nini?

Ujumbe wa mkwe wangu uliingia nikiwa nimebana mguu mmoja wa suruali ya mteja kwenye cherehani. Kiswahili hajui, kwa hiyo huandika kwa lugha yake na simu inamgeuzia, na simu yenyewe ina maneno ya mahakamani. "Mama mheshimiwa. Mtoto hulia baada ya kila mazungumzo kwa sababu hakuelewi. Napendekeza tusimamishe hadi atakapokuwa mkubwa. Jumapili iwe ya mwisho."

Tusimamishe! Utadhani mimi ni maji ya bomba.

Nilijaliwa binti mmoja tu. Akaenda mbali kusoma, akaolewa hukohuko na mtu anayesema Kihispania, akapata mtoto wa kike, na mwaka jana ugonjwa ukamchukua. Enzi za uhai wake alikuwa ndiye daraja letu kwenye simu. Mtoto akisema, ananitafsiria. Nikisema mimi, anamtafsiria mtoto, tena na chumvi anatia. Alipoondoka tukabaki mimi na mjukuu wangu tunatazamana kwenye kioo cha simu, tunacheka, tunacheka, mpaka kicheko kinaisha na hakuna cha kusema. Mkwe wangu si mtu mbaya, namjua. Lakini mtoto yule ndicho kilichobaki cha binti yangu, na mimi sikubali kuzimwa.

Nikaiacha suruali palepale, nikaenda kwa wifi yangu. Wifi ni dada wa marehemu mume wangu, anafanya kazi mapokezi hotelini, na Kihispania amekiokota kwa wageni mpaka kimemkolea.

"Nifundishe," nikamwambia.

"Wewe? Wifi, wewe hata Kiswahili unakisema kwa kugombana."

"Nifundishe, la sivyo gauni lako la harusi ya jirani nalishona bila zipu."

Akacheka, akanivutia kiti. "Haya. Tuanze na kitenzi kimoja, *tener*. Kuwa na. Mimi, *tengo*. Wewe, *tienes*. Yeye, *tiene*. Sisi, *tenemos*. Wao, *tienen*."

"Ngoja kwanza. Ile *g* ya kwenye *tengo* imekwenda wapi kwenye *tienes*?"

"Imeondoka."

"Imeondoka imekwenda wapi?"

"Wifi yangu, hiki kitenzi ni kikaidi, hakifuati njia ya wenzake. Kinakufaa. Meza hivyohivyo kama dawa."

Kumeza nilimeza, ila mkia wa neno ulinikaba. Sisi mtu tunamweka mbele: nina, una, ana. Neno likianza tu umeshamjua mwenye mali. Wao mtu wanamficha nyuma, mpaka neno liishe ndiyo ujue ni nani. Ulimi wangu ukagoma. Nikawa nasema *nitengo, utengo, atengo*, na wifi anashika mbavu, mshenzi yule, machozi yanamtoka.

Halafu kulikuwa na *una*. Kwao hilo neno lipo, lakini maana yake ni moja, kwa kitu ambacho wao wanakihesabu kuwa cha kike. Sasa kila wifi akiniuliza "wewe unayo" wanasemaje, mdomo unanitoka, "Una!"

"Una ni ya kwetu! Sema *tienes*. Ukimwambia mtoto *una* ukanyamaza, atakaa anasubiri umtajie kitu."

Haya. Nikaandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia. Nikaandika ukutani. Nikakanyaga cherehani naimba *tengo, tienes, tiene*, na pindo zikaenda upande nikazifumua nikaanza upya. Siku moja mteja akarudi na sketi, ameishika kwa ncha za vidole kana kwamba amekuta mjusi ndani.

"Fundi, huyu Tengo ni nani? Mbona jina lake liko kiunoni kwangu? Nguo yangu umeshamgawia mtu?"

Nilikuwa nimejisahau, nimeandika kwenye kitambaa chake. Nikaomba radhi, nikafuta, na wakati nafuta nikamfundisha kitenzi chote. Hakupenda. Akaondoka amesonya, lakini nje nilimsikia akijaribu kusema *tienes*.

Kilichonitia moyo ni kwamba wale watu kumbe ni wenzetu. Njaa wanayo, kama sisi: *tengo hambre*. Baridi wanayo, usingizi wanao. Hata miaka, mtoto husema anayo sita. Na mtu akikunja uso wanamuuliza *¿qué tienes?*, una nini, vilevile kama tunavyoulizana sisi. Hilo la mwisho nililishika siku ileile, halikunisumbua hata kidogo.

Jumapili mchana wifi akaja, anataka kukaa pembeni yangu anitafsirie.

"Nenda jikoni," nikamwambia.

"Utakwama, wifi."

"Nikikwama, nimekwama. Kila Jumapili utakuwepo wewe? Nenda."

Simu ikalia. Mkwe wangu akanisalimu kwa kichwa, uso wa mtu aliyekwisha kuamua, akamwachia mtoto kiti. Mjukuu wangu jino la mbele limeng'oka. Macho ni ya mama yake, Mungu wangu, yaleyale.

"*Hola, abuela*," akasema kwa sauti ndogo. Habari, bibi.

"*Hola*. *Tengo hambre*!" nikasema, nikajipiga tumbo.

Akashtuka. Kisha pengo likaonekana, anacheka. Nikashika moto. "*¿Tienes hambre?*" Hapana. "*¿Tienes frío?*" Hapana, baridi hana. "*¿Tienes sueño?*" Usingizi hana. Kila nikimuuliza hana, na hazina yangu ikawa inakwisha, na kicheko chake nacho kinapungua, naona kabisa kinavyopungua. Nikatoa la mwisho nililokuwa nalo.

"*¿Qué tienes?*" Una nini?

Akainamisha kichwa. Akachezea kifungo cha nguo yake, kisha akasema taratibu, na kila neno nikalielewa.

"*No tengo mamá*."

Sina mama.

Yote yakaniruka. *Tengo, tienes*, g, mkia, kila kitu. Nyuma yake mkwe wangu ameshanyanyuka, mkono unakuja kuichukua simu. Nami mdomoni sikuwa na Kihispania hata chembe, nilikuwa na kilio tu na neno la kwetu, likanitoka kwa nguvu.

"Una!"

Mtoto akainua uso. Akasubiri, kama wifi alivyosema atasubiri.

"*¿Una qué?*" Moja nini?

"*Una...*" Nikajipiga kifua kwa kiganja. "*Una abuela*. *Tienes. Tienes una abuela*."

Mkono wa mkwe wangu ukasimama hewani. Mtoto akanitazama kwa muda, midomo inacheza, anaupima ule mkia. Kisha akaugeuza mwenyewe bila kufundishwa na mtu.

"*Tengo una abuela*," akasema. Akamgeukia baba yake, sauti imepanda. "*Papá. ¡Tenemos una abuela!*"

Baba mtu akaketi polepole kando yake, akafuta uso kwa mkono mzima. "*Sí*," akasema. "*Tenemos*."

"Wifi!" sauti ya wifi ikatoka jikoni. "*Tenemos*, hiyo ni sisi!"

"Najua!" nikamfokea, na machozi yananimwagikia kwenye simu. "Unadhani sijui? Hiyo ni sisi. Najua."